Tuta Lisilo na Mtu

Sogeeni karibu, wanangu. Maesaroh, nipandishie mto nyuma ya kichwa, hivyo, na wewe Boin zima hiyo televisheni, maana mimi na hao wanaocheka humo ndani hatujuani. Jaelani, kaa hapo nikuone. Usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri teksi. Leo sitaki daktari, sitaki maji ya dripu, sitaki kuulizwa kama nimekula. Nataka mnisikilize mpaka nimalize, na mwenye kunikatiza anikatize sasa hivi kabla sijaanza, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema na kubishana.

Mimi mama yenu, Mursanah, ambaye tangu mlipojua kufungua mdomo mwaniita Nyak, naondoka na kinyongo. Wazee wengi wakifika hapa nilipofika hudanganya. Husema roho yangu nyeupe, nimewasamehe wote, kwaherini. Roho yangu si nyeupe. Nimeswali, nimetubu, Mungu na mimi tumekwisha kuzungumza, lakini mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu langu mmelitia ninyi watatu, kila mmoja kwa mkono wake. Sitaki kushuka nalo chini kimya kimya, halafu pale msibani mkawasimulia wageni kwamba Nyak alikuwa mwanamke mpole.

Bibi yangu mzaa mama aliitwa Osin. Nek Osin. Mlimjua kwa jiwe lake tu, lakini mimi nililala naye kitanda kimoja mpaka nilipovunja ungo. Jina lenyewe lilikuwa Rosina, alilopewa na bibi wa Kiholanzi aliyemmiliki, na wapishi wa nyumba ile wakalikata ncha kwa kuwa halikuwakaa mdomoni. Mama yake Osin alitoka Bali. Kule, mumewe alipokufa bila kuacha mtoto wa kiume, mfalme wao alimhesabu mjane yule kuwa mali yake, kama ilivyokuwa desturi, akamuuza kwa wenye meli, naye akashushwa hapa mjini siku ambazo mji huu ulikuwa ukiitwa Batavia. Na sisi tunaojiita Wabetawi, jina letu limetoka hapo hapo, kwenye jina la mji wa waliotununua. Usikunje uso, Jaelani. Sijamtukana mtu.

Osin alizaliwa utumwani. Tangu alipoweza kusimama, kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya bibi yule amebeba kijisanduku cha tambuu mkono mmoja na bakuli la kutemea mkono wa pili. Bibi akitaka kutema, Osin asogeze bakuli. Akichelewa, mate yanamwangukia mkononi, na haruhusiwi kujifuta mpaka warudi nyumbani. Haya alinisimulia mwenyewe tukiwakatia ng'ombe majani, na alipofika pale pa mate alikuwa akicheka, na mimi nikicheka naye kwa ujinga wa kitoto, mpaka siku moja nilipotazama nikaona kwamba huku anacheka anaufuta mkono wake kwenye kanga.

Jikoni mwa nyumba ile mama yake alimwimbia kwa Kibali, mpishi alikuwa Mchina, mwenye kuangalia farasi alikuwa Mbugi wa kisiwa kingine, bibi mwenyewe akitukana kwa Kireno kilichooza alichokirithi kwa yaya wake, na Ijumaa vijakazi wakienda kumsikiliza mwalimu anayewasomea kwa Kiarabu. Watoto wa jikoni hawakuwa na lugha ya baba wala ya mama. Waliokota neno hapa, neno pale, na makombo yale ndiyo lugha tunayosema mpaka leo, tunayochekeshana nayo sokoni, na ambayo wewe Jaelani unaionea haya mkeo akiwa na wageni. Neno letu la "mimi" na neno letu la "wewe" tulipewa na Mchina yule wa jikoni. Fikirini wanangu, hata "mimi" yetu tuliazima, na hakuna aliyetudai.

Basi ikaja siku Mholanzi akapiga ngoma barabarani kutangaza kwamba watumwa wameachwa huru. Bibi akamwita Osin barazani.

"Haya, huru wewe. Nenda."

Osin, naye mtoto tu, akamwuliza, "Niende wapi, Bibi?"

"Hilo ni lako, si langu," bibi akasema, akageuka akaingia ndani, na kijisanduku akampa mtoto mwingine kukibeba kwa ujira.

Ndiyo asili yetu hiyo. Hatukutoka kwenye jumba la mfalme wala kwenye kisima cha zamzam. Tulitoka barazani, tukaambiwa nenda. Osin na mama yake wakashika njia ya kusini mpaka Kuningan, kulikokuwa na majani na madimbwi na hakuna mtu anayeuliza, wakalisha ng'ombe wa watu mpaka wakapewa ndama wao. Ndama yule ndiye mama wa ng'ombe wote mliowahi kuwakamua, na maziwa yake ndiyo yaliyokupeleka shule wewe, Haji Jaelani, ukasomea sheria.

Sasa nifungulieni masikio. Nimelibeba hili muda mrefu kwa sababu halikuwa na haja ya kusemwa. Nyumbani petu kila mtu alilijua, na kinachojulikana hakisemwi. Mimi nilidhani nanyi mnalijua. Mume wa kwanza wa Osin alikuwa Eng Tek, Mchina mpiga fidla ya kifuu kwenye harusi za watu, aliyesilimu ili amwoe. Huyo ndiye baba wa mama yangu Naih. Kipindupindu kilimchukua Eng Tek, Naih akiwa bado mgongoni, wakamzika na wengine katika shimo moja, hakuna ajuaye liko wapi. Fidla yake ndiyo ile ukutani.

Sheikh Awadh alikuja baadaye. Alikuwa Mshihiri wa Hadhramaut, mchuuzi wa vitambaa, akitembea kwa miguu na furushi begani, na Naih wakati huo alikuwa msichana wa kumfungulia lango na kumpokea furushi. Mmesikia? Alimkuta mama yangu ana meno yote mdomoni. Akampenda Osin. Watu wa kwao waliokuwa mjini wakamsuta, "Awadh, umevuka bahari yote ile uje kuokota kijakazi?" Naye akawajibu, "Mimi nimekuja na furushi, yeye ana ng'ombe. Sasa nani kaokotwa?" Siku ya harusi alileta mikate miwili yenye umbo la mamba kama bwana harusi yeyote wa Kibetawi, maana mamba hachukui mwenzi wa pili hata akifiwa, na njia nzima akiuliza, "Jamani, naenda kuoa au naenda kuwinda?" Mlangoni kwa bibi harusi akazuiwa na kijana wa panga, kama desturi inavyotaka: jibu mashairi yetu, mshinde mpiganaji wetu, ndipo upite. Sheikh hakujua mashairi wala kupigana hata na kuku. Akavua viatu, akasimama palepale vumbini akasoma Kurani kwa sauti yake ile ambayo mama yangu hakuisahau mpaka anakufa, na kijana akaweka panga chini akampisha.

Alikuwa mtu mwema. Alimsomesha mama yangu Kurani kama mwanawe wa kumzaa. Lakini hakuzaa na Osin hata paka. Sisi si damu yake, Jaelani. Sisi ni watu aliowapenda, na kwa akili yangu mimi hilo ni kubwa kuliko damu, ila wewe hukuwa unatafuta lililo kubwa.

Alipoona anakwenda, Sheikh aliusia jambo moja. "Nizikeni nyuma ya nyumba, na kuliani kwangu acheni nafasi ya Osin. Asilale mbali, ni mwoga wa giza." Osin alipofuata, nilikuwa mwari, nilikuwapo, nikaona akilazwa kulia kwake. Kaburi la Sheikh lilikuwa na ubao wa herufi za Kiarabu ulioletwa na wenzake. La Osin tuliliwekea jiwe la mtoni, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuchonga na yeye mwenyewe hakujua jina lake lingeandikwaje.

Mnajua yaliyofuata. Mji ukatufuata Kuningan. Walikuja watu na kamba za kupimia wakapita katikati ya zizi kama vile ng'ombe ni moshi. Jirani wa kushoto akahama, wa kulia akahama, na ninyi mkaanza kunijia mmoja mmoja, kisha mkanijia wote. Boin alitaka bajaji. Maesaroh alitaka nyumba isiyonuka samadi. Na Jaelani akanikalisha chini akanieleza kwa ile sauti yako ya mahakamani.

"Nyak, mji unakuja. Tukikaa utatukanyaga. Bora tuondoke kwa heshima."

"Na walio chini?" nikakuuliza. "Wao nao wataondoka kwa heshima?"

"Nitawahamisha mwenyewe. Wote wawili. Kwa mikono yangu, Nyak, wallahi."

Ulisema wallahi. Ng'ombe walikuwapo, kama ninyi wawili mmesahau. Nikatia dole gumba langu, na tangu siku ile dole hili sijalipenda.

Mashine zilipokuja mimi nilikuwa nimelazwa kwa homa ya matumbo, sijui mchana wala usiku. Nilipopata nafuu ulinileta huku Cipayung ukanionyesha makaburini. Kaburi la Sheikh lina vigae vyeupe, lina paa dogo, lina maandishi ya dhahabu. Kuliani kwake kuna tuta la udongo na jiwe jipya.

"Mbona lake halina vigae?" nikakuuliza.

"Nek Osin alikuwa mtu wa unyenyekevu, Nyak. Nimeona tusimvunjie tabia yake."

Nilikuona mwana mwenye busara! Nikakuombea. Kila Alhamisi alasiri nilikwenda pale na kopo la maji ya maua, nikanyunyizia, nikakaa juu ya ndara zangu nikamsomea Yasini, nikamweleza bei ya majani ya ng'ombe, nikamweleza ninyi mmefanya nini. Mvua ilipolikata tuta nililijengea upya kwa viganja hivi. Goti langu hili liliharibikia pale. Na wewe Maesaroh ulikuwa ukinishika mkono kunivusha barabara. Usilie, bado sijafika kwako.

Ikaja harusi ya binti yako, Jaelani, na wale wakwe wa kikabaila kutoka Solo. Harusi ya mjukuu wangu wa kwanza! Nikasema palang pintu atacheza Boin, yaani yule wa kuzuia mlango na panga. Ukasema hapana, ni vurugu ya sokoni. Nikasema basi tupike jengkol, zile kunde zetu zinazonuka, maana harusi ya Kibetawi isiyo na harufu ya jengkol ni hitima. Ukasema ukumbi mzima utanuka. Nikaenda mwenyewe kwa mwoka mikate nikaagiza mamba wawili, wakubwa, urefu wa mtoto, macho ya zabibu. Nilipofika ukumbini mkeo akanipokea kwa tabasamu kama la mtu wa benki, akanishika bega.

"Nyak, huku mbele kuna baridi ya mashine. Njoo huku ndani ukae vizuri."

Huku ndani kulikuwa jikoni. Nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki baina ya masufuria, na mamba wangu wakaletwa nyuma yangu wakawekwa juu ya meza ya kukatia vitunguu. Basi tukahudhuria harusi hivyo, mimi na mamba wawili. Wapishi wakanipa chai. Mmoja akaniuliza, "Bibi, hawa ni wa kukatwa au wa kutazama tu?" nami nikamwambia, "Waulize wenyewe, mimi pia sijui nimeletwa kwa ajili ya nini."

Mlango wa jikoni ulikuwa ukifunguka kila mhudumu akipita, na kila ukifunguka nilisikia meza kuu. Nikamsikia mkwe wako, kwa upole wake ule wa Kijava, akikuuliza, "Samahani Bwana Haji, ninyi Wabetawi hasa asili yenu ni wapi? Kila ninayemwuliza ananipa jibu lake." Mlango ukajifunga. Ukafunguka. Nikakusikia wewe.

"Wengine siwezi kuwasemea. Lakini ukoo wetu ni wa Hadhramaut, damu moja kwa moja. Kaburi la babu lipo, nitawapeleka mkalione."

"Na upande wa bibi?"

Ukacheka. "Enzi zile, mzee, nani aliandika upande wa bibi?"

Wahenga wamesema, mwacha asili ni mtumwa. Osin alizaliwa mtumwa akafa mwungwana. Wewe ulizaliwa mwungwana.

Nipeni maji. Kidogo. Yatosha.

Nilijiambia, haya ni maneno ya mezani, mtu akiwa na wakubwa husema. Nikaenda makaburini kabla ya Ramadhani kama watu wote, na siku hiyo Maesaroh hukuja, nilikuja na Boin. Yule mzee mwenye kufagia, Tarmiji, akaniangalia nilivyokuwa napiga goti kwa taabu, akasimama na ufagio wake, akashindwa kuvumilia.

"Nyak Mursanah, nikikwambia neno utanichukia?"

"Sema, mimi nimeshawachukia wengi, hutakuwa peke yako."

"Usiliumize hilo goti. Hapo hakuna mtu."

Nikadhani anasema mambo ya roho. "Najua, Tarmiji. Roho haikai kaburini."

"Simaanishi roho, Nyak. Namaanisha mtu. Siku ile lilikuja jeneza moja tu. Haji akatuambia turundike tuta hapo pembeni, liwe kama kaburi. Tukarundika. Mimi mwenyewe nilishika jembe. Nimekuona unakuja mwaka baada ya mwaka na kopo lako, nimeshindwa kula."

Yasini zangu zote, Jaelani. Nilikuwa nalisomea tuta.

Boin, wewe ulinitendea wema siku ile, sikatai. Ulinipakia kwenye bajaji ukanipeleka Kuningan kama nilivyokuamuru. Nilidhani nitapotea, lakini mtu hapotei mahali alipokamulia. Mfereji bado upo, wameusakafia tu. Nikahesabu kwa macho: hapa zizi, hapa kisima, hapa nyuma ya nyumba. Na nyuma ya nyumba palikuwa na mteremko wa saruji unaoshuka chini ya jengo refu, magari yakiingia na kutoka. Mlinzi akanijia mbio na filimbi yake.

"Bibi! Bibi! Hapa si pa kusimama. Unatafuta ofisi gani?"

"Namtafuta bibi yangu."

Akanitazama, mimi mwenye meno matatu. "Bibi yako wewe? Anafanya kazi ghorofa ya ngapi?"

Sikumlaumu. Alikuwa kijana wa bara, ametumwa. Boin akamwambia pembeni, na kijana akavua kofia, akasema, "Basi fanya haraka, Bibi, wakubwa wanatoka saa hizi." Akashusha kizuizi. Nikamimina maji yangu ya maua pale kwenye saruji. Hayakuingia popote. Yaliteremka na mteremko, na maua yakaenda yakajikusanya kwenye wavu wa mtaro, na nyuma yangu gari jeusi likaanza kupiga honi, honi, honi, mpaka nikasogea, nalo likapita juu ya mahali penyewe. Mwoga wa giza, wanangu. Wamemjengea ghorofa juu ya kifua.

Nikakuita, Jaelani, ukaja jioni ile na suti yako. Sikukupigia kelele. Nilikuuliza tu kwa nini.

"Mashine zilikuwa zimeshafika, Nyak. Wakanipa asubuhi moja tu. Ilibidi nichague mmoja."

"Na ukamchagua yule asiyetuhusu."

Hukunielewa, wala sikukufafanulia, nilikuwa sijaamua kukupa siri hii. Ukasema, "Yule ana jina, Nyak. Ana maandishi. Yule mwingine ana nini? Jiwe."

Neno hilo ndilo linaloniua. Madaktari wameandika moyo, waacheni waandike moyo.

Na wewe Maesaroh, ulijua. Tarmiji aliniambia ulikuwapo. Ulinishika mkono kunivusha barabara nikasomee udongo mtupu, Alhamisi hata Alhamisi, kwa kuogopa kaka yako. Wewe Boin hukujua, lakini hukujua kwa kuwa hukuuliza. Ng'ombe uliwauza, ukapata magurudumu matatu, ukaona dunia imekamilika. Basi nisiambiwe nina mtoto mmoja mbaya na wawili wema.

Sasa wosia wangu. Nausema mara moja.

Nyumba hii gawaneni kwa sheria ya Mungu, wa kiume fungu lake, wa kike lake, na anayetaka kuongeza au kupunguza akanidai kiyama. Ng'ombe watatu waliobaki wasiuzwe kwa mchinjaji. Fidla ya Eng Tek ni yako, Boin, kwa kuwa ndiwe pekee unayeigusa bila kuona haya, na ukiulizwa umeipata wapi useme kwa babu yangu, Mchina. Kanga na vitambaa vyangu ni vyako, Maesaroh. Kuniosha unioshe wewe, na usiniogopeshe kwa machozi.

Jaelani, wewe nakuachia kazi.

Najua umeshanunua mahali pa kunizika, karibu na vigogo, kwenye majani mazuri na maua ya kupandwa. Siendi huko. Baba yenu alikwisha kulaliwa na maiti mwingine katika makaburi ya mjini, kwa hiyo hata kwake siwezi kurudi. Mtanizika ndani ya lile tuta. Lile tuta tupu mlilolirundika, mlifukue, mlichimbe liwe kaburi la kweli, mnilaze humo. Jembe la kwanza alishike Jaelani. Si Tarmiji, si vibarua. Jaelani, na asivae glavu. Ulisema kwa mikono yangu, wallahi. Basi ndiyo mikono hiyo, na wallahi ile bado inakungoja.

Juu yake hamtaandika Mursanah. Mtaandika Osin. Herufi kubwa, kwa dhahabu kama za Sheikh, na chini yake muandike: alizaliwa mtumwa Batavia, mama yake alitoka Bali. Imamu akisema haifai, mwambieni mwenye mwili ameridhia. Mimi nitajulikana na ninyi, na mkinisahau haidhuru, nimeshawazoea. Yeye awe na jina. Mpita njia akisimama amsomee Fatiha yake, naye aipate huko aliko chini ya magari yenu. Na wakwe wa Solo, Jaelani, uliowaahidi kuwapeleka kwenye kaburi la babu, wapeleke. Wasimame pale wasome makaburi yote mawili.

Kwenye talkini msomaji aniite kwa mama, kama ilivyo. Ewe Mursanah binti Naih. Asinipambe.

Nimechoka. Nishikeni. Mkono wa nani huu? Baridi. Au ni wangu.

Maesaroh, radhi yangu unayo. Mungu akupe mdomo, mwanangu, maana moyo ulikupa zamani. Boin, unayo. Upate mtoto atakayekuuliza maswali. Jaelani... radhi sikunyimi. Mtoto asiye na radhi huwa mzigo kwa ndugu zake, na mimi sitaki kuwaachia mzigo. Lakini usidhani imetoka kwa furaha. Imetoka kama jino. Ichukue hivyo hivyo, na damu yake.

Mungu awalinde. Asiwafukuze mahali... mtakapolala. Asiwape watoto wa kuchagua... baina ya wafu wao. Awape... awape...

Semeni amina.

Nasikia sauti mbili.

Jaelani. Sema na wewe, baba. Sema, nikusikie.